Wanne kwa Baiskeli Mbili

Wiki iliyopita mlikuja kibandani kwangu, vijana sita wa Kahama, na baiskeli zenu za gia nyingi. Mlitaka niwanyooshee rimu kwa sababu mnajiandaa kwa mashindano ya timu: baiskeli, kukimbia na kupiga kasia. Mmoja wenu, binti mwenye fulana ya njano, akaniuliza kama enzi zetu mambo hayo yalikuwepo, au sisi tulikuwa tunacheza bao tu. Mlicheka, na mimi nikacheka, nikawaambia mje baadaye niwasimulie. Mlipoondoka nikaona kisa chenyewe siwezi kukisema huku nimeshika spana, maana kuna mahali sauti itanikwama na nyie mtadhani mzee amesahau. Kwa hiyo nimekiandika. Kisomeni kabla ya kwenda huko mnakokwenda.

Kwanza mnijue. Nimekuwa fundi baiskeli zaidi ya miaka arobaini, na mingi kati ya hiyo niliifanya kwenye karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa Geita, si mbali na ziwa. Kiwanda kilipofungwa nilipewa barua ya kustaafu. Mikono haikupewa barua, ikaendelea. Kazi yetu ilikuwa kuzitunza baiskeli za makarani waliokuwa wakienda vijijini kununua pamba, na barabara za wakati ule mnazisikia tu. Baiskeli iliondoka Jumatatu ikiwa nzima, ikarudi Ijumaa imefungwa kamba za katani kila mahali.

Aliyenifundisha ni Fundi Hamisi, mtu wa Tabora, mfupi, mkimya, mwenye kofia ya kiua iliyojaa grisi. Mwezi wa kwanza hakunipa spana. Nilikaa chini nikichambua gololi, nzuri huku, zilizolika kule, mpaka nikaziota. Mwezi wa pili akanifundisha kusikiliza gurudumu. Unagonga spoki moja moja kwa kucha. Iliyolegea inalia kwa sauti nzito, iliyokaza kupita kiasi inalia kwa ukali, na gurudumu lililonyooka spoki zake zinalia namna moja. Mpaka leo nanyoosha rimu hivyo. Nyie mna vifaa vya kupimia, ni vizuri, lakini gongeni pia.

Kosa langu la kwanza kubwa ni kwamba nilikaza koni za gurudumu la mbele, zile nati zinazobana gololi, mpaka mwisho, nikiamini kukaza ndiyo kazi. Karani mmoja akaondoka na baiskeli hiyo kwenda Kharumwa, gurudumu likagoma kwenye mteremko, na karani akarudi na meno mawili pungufu. Hamisi hakunigombeza. Alinituma nimpelekee yule karani uji kila asubuhi kwa wiki nzima, nikae hapo mpaka aumalize. Asikwambie mtu, kumtazama mtu akinywa uji kwa ajili ya koni uliyoikaza wewe ni somo refu.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, kabla ya vita vya Kagera. Vipuri vilikuwa vinapatikana kwa bahati. Mpira wa ndani ukikosekana kabisa tulijaza tairi nyasi kavu, tukazishindilia kwa mpini wa nyundo, na mwenye baiskeli akapanda huku meno yanagongana. Nilikuwa hodari wa mambo hayo, na nilijua kuwa ni hodari. Mkumbuke hilo mnapoendelea kusoma.

Mbio ninazotaka kuwasimulia zilianzishwa na kamati ya wafanyakazi baada ya timu yetu ya mpira kufungwa mfululizo mpaka watu wakaona haya kwenda uwanjani. Hazikuwa na jina rasmi. Kila timu ilikuwa na watu wanne, mmoja kutoka kila upande wa kiwanda: mizani na ofisi, karakana, usafiri, na vibarua. Baiskeli zilikuwa mbili tu. Mnaanzia Kharumwa alfajiri, mnakuja hadi ukingoni, mnavuka mkono wa ziwa kwa mtumbwi pamoja na baiskeli zenu, halafu mnamalizia barabara hadi geti la kiwanda. Saa inasimamishwa anapoingia mtu wa mwisho. Timu inayopungukiwa mtu njiani iliruhusiwa kumaliza watatu, ila haikuweza kupewa nafasi ya kwanza.

Watu wanne kwa baiskeli mbili wanakwendaje? Wawili wanapanda, wawili wanakuja kwa miguu. Waliopanda wakifika mbele, mahali mlipokubaliana, wanazilaza baiskeli kando ya njia na kuendelea kwa miguu. Walio nyuma wakizikuta wanapanda, wanawapita wenzao, nao wanazilaza mbele zaidi. Hivyo kila mtu anatembea na kila mtu anapumzika. Ukiwa na haraka ukaipeleka baiskeli mbali kuliko mlivyokubaliana, unamuua mwenzako wa nyuma. Ukiwa mvivu ukailaza mapema, unajiua mwenyewe.

Mtauliza tulipenda nini humo. Mimi sikuwahi kuwa mwanariadha, na wengi wetu hivyo hivyo. Tulikuwa watu wa kubeba, kupima, kukaza na kuendesha. Mpira uliwataka vijana kumi na mmoja wenye mbio na sisi wengine tukae pembeni tukipiga makofi. Mbio hizi zilitutaka kama tulivyo, mwenye kitambi, mwenye mvi, mama wa watoto. Mwenye kasi alipewa kazi ya kumsubiri mwenzake, na mwenda pole alipewa kazi ya kukubali kusubiriwa, na hiyo ya pili ndiyo ngumu. Nilizipenda mbio zile kuliko kitu chochote nilichofanya nje ya karakana, na bado nazipenda, pamoja na yote nitakayowaambia.

Timu yetu ilikuwa hivi. Kutoka usafiri alikuwepo Salum, dereva wa lori, mzaliwa wa Kahama mjini, ambaye baba yake alikuja kibiashara kutoka Ujiji na kumfundisha kupiga kasia kwenye likizo za kwa babu. Kutoka mizani alikuwepo Mzee Ngassa, Msukuma mrefu wa miaka hamsini na kitu, aliyepima pamba ya watu kwa miaka mingi bila mkulima hata mmoja kumlalamikia. Kutoka karakana ni mimi. Na kutoka vibarua alikuwepo Mama Kulwa.

Mama Kulwa alikuwa akibeba magunia ya mbegu za pamba kutoka mashineni kwenda ghalani. Mumewe alifukiwa kwenye shimo la dhahabu huko Nyarugusu, akamwachia mapacha, Kulwa na Doto, wakati ule wana miaka kama sita. Shemeji yake alitaka kumrithi, yeye akakataa, akachukua watoto wake akaja kiwandani. Sasa kwa mila za huku, ng'ombe wa mahari wakishatolewa watoto ni wa upande wa baba. Baba mkwe wake alimvumilia kwa sharti moja: mwisho wa msimu ule, kama atakuwa bado kibarua asiye na kazi ya kudumu wala nyumba, watoto warudi kwake, hukohuko Nyarugusu. Kibarua hupumzishwa msimu ukiisha, na wa kudumu hupewa kota. Kwa hiyo kwake yeye kuandikwa kazi ya kudumu kulikuwa na maana moja tu, kubaki na watoto wake.

Siku moja kwenye mkutano wa asubuhi Meneja akasema neno. Alisema kibarua anayeweza kutoka Kharumwa hadi hapa kwa siku moja hawezi kushindwa kazi yoyote kiwandani, na kwamba kibarua yeyote ambaye timu yake itaingia getini kabla ya king'ora cha saa kumi jioni ataandikwa kazi ya kudumu. Watu walipiga makofi. Nilimtazama Mama Kulwa, hakupiga. Alikuwa ameshika pindo la kitenge chake kwa mikono miwili.

Kuanzia siku hiyo tulifanya mazoezi kila jioni baada ya kazi. Mzee Ngassa ndiye aliyetupanga, maana alikuwa kiongozi wa ngoma ya kulimia kijijini kwao. Katika vikundi vya kulima vya Usukumani watu wanashika mstari mmoja na jembe linafuata ngoma. Mwenye mkono mzito anawekwa katikati, na walio kulia na kushoto kwake wanammegea tuta lake kidogo kidogo, bila kusema, ili mstari usivunjike na yeye asione aibu. Mzee Ngassa akasema tutakwenda hivyo. Kisha akasema mwenye mkono mzito ni yeye, tusijisumbue kuficha. Salum alimwambia, "Mzee, tulikuwa tunatafuta namna ya kukwambia," na Mzee Ngassa akacheka mpaka akakaa chini.

Mazoezini tulikuwa tunafika kwa muda mzuri. Kila mtu aliona kwamba tutaingia kabla ya king'ora, tena mapema. Hapo ndipo uhodari wangu ulipoingia.

Jioni ya mwisho kabla ya kwenda Kharumwa nilizileta baiskeli zetu karakana kuziandaa. Nilibadilisha gololi, nikanyoosha rimu, nikapaka mnyororo mafuta. Halafu nikaanza kuziona nzito. Nilifungua madigadi, nikafungua stendi, nikafungua kengele. Nikafika kwenye keria. Mnajua keria zetu za wakati ule, vyuma vinene vya kubebea gunia au mtu mzima. Nikazifungua zote mbili, nikazitundika ukutani kwenye msumari, nikainua baiskeli kwa mkono mmoja na nikafurahi mno. Fundi Hamisi alikuwa amenifundisha miaka iliyopita kwamba usifungue kitu kwenye baiskeli kabla hujamuuliza mwenyewe anakitumia kwa kazi gani. Sikumuuliza mtu. Niliona mimi ndiye fundi.

Huku kwetu baiskeli isiyo na keria haijakamilika, hata mtoto anajua. Mgonjwa anakwenda zahanati kwenye keria, bibi arusi anakwenda kwake kwenye keria, na pamba na mkaa pia. Asubuhi pale Kharumwa Salum aliniambia baiskeli nimeinyoa. Bibi mmoja aliyekuwa anachota maji alitusalimia, "Mwangaluka," kisha akatuuliza kwa huruma ni nani aliyetuibia usiku. Mzee Ngassa aliitazama baiskeli yake nyuma, akanitazama. Mama Kulwa naye alitazama, akafunga kitenge vizuri. Nami nilikuwa natabasamu.

Tulitoka vizuri. Asubuhi yote ilikuwa yetu. Baiskeli zilikuwa zikiteleza, nami nikajisifu moyoni kila niliposhika usukani. Mama Kulwa kwa miguu alikuwa hafikiki. Alizoea gunia kichwani, na siku hiyo hakuwa na gunia. Tulimweka Mzee Ngassa kwenye vipande vifupi vya kutembea na virefu vya kupanda, bila kusema. Tulifika ukingoni wa pili kati ya timu zote. Salum akachukua uongozi wa mtumbwi, akatupangia nani apige kasia upande gani, na tukavuka mkono wa ziwa bila baiskeli hata moja kulowa. Jua lilikuwa halijapinda sana. Salum alisema kwa mwendo ule tutakula wali wa kiwandani ungali wa moto.

Upande wa pili ulikuwa na matete na matope. Mzee Ngassa alikuwa wa mwisho kushuka. Aliweka mguu mmoja matopeni, ukazama, mtumbwi ukasogea, na mwili wake ukageuka huku mguu umebaki palepale. Hakupiga kelele. Tulisikia tu amevuta pumzi, na tulipomfikia goti lilikuwa limeanza kujaa.

Tulimtoa hadi barabarani. Barabara yenyewe kutoka pale ilikuwa tambarare mpaka kiwandani. Mtu wa miguu mizuri alihitaji muda mfupi, na mtu aliyebebwa kwenye keria alihitaji mfupi zaidi. Salum akageuka kuchukua baiskeli ili ampakie, akaweka mkono pale ambapo keria huwa, mkono ukapita hewani. Aliniangalia. Afadhali angenitukana.

Tulijaribu kumkalisha mbele, kwenye bomba la fremu, lakini goti halikukunjika na mguu ukagonga gurudumu, wakaanguka wote wawili yeye na Salum. Nilikimbia kwenye miji ya karibu, yaani kaya za watu, kuazima baiskeli yenye keria. Ilikuwa siku ya mnada, wanaume wote wamekwenda na baiskeli zao. Nilikuta watoto na kuku. Mwisho tukamkalisha kwenye siti, mguu mbaya unaning'inia, mimi nasukuma nyuma, Salum ameshika usukani na Mama Kulwa anamshikilia ubavuni asianguke. Kila baada ya hatua chache aliteleza, tukasimama, tukamweka sawa. Timu tatu zilitupita. Wote walitupa pole.

Mzee Ngassa akatuambia tusimame. Tulikuwa karibu na mji wa mama mmoja aliyekuwa anaanika mihogo. Akasema tumwache hapo, atapewa maji na kivuli, lori litamfuata jioni. Akasema kanuni inaruhusu watatu. Kisha akamgeukia Mama Kulwa, akamwambia, "Nenda, mwanangu. Watoto wako."

Nitasema ukweli maana ndiyo sababu ya kuandika. Mimi nilitaka tumwache. Nilisema kwa mdomo wangu kwamba Mzee anasema kweli, kwamba hapa hatadhurika, kwamba tukikimbia sasa hivi tunawahi. Nilisema kwa ajili ya Mama Kulwa na nilisema kwa ajili yangu pia, maana nikiwahi getini kosa langu lingekuwa dogo. Salum alikuwa anatazama chini. Wote tulimsubiri Mama Kulwa, mwenye cha kupoteza.

Mama Kulwa alichuchumaa mbele ya Mzee. Alifuta uso kwa mkono. Halafu akamwambia Mzee Ngassa, taratibu, kama wanaongea pale mizani wakati hakuna kazi, "Baba, nikikuacha hapa nikaandikwa kazi, kila asubuhi nitapita mbele ya mizani yako. Nitakuamkiaje?"

Mama Kulwa akafungua kitenge cha juu, akakichana, akamfunga goti kwa nguvu, akamwinua. Tukaendelea. Nilipokuwa nasukuma nilimwambia kwamba keria nimezifungua mimi, na kwamba nisamehewe. Akasema, "Sukuma, Fundi." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayeomba apewe kikombe. Nilisukuma huku machozi yananishuka na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

King'ora kililia tulipokuwa tumeanza kuyaona mabati ya kiwanda. Waliofanya kazi viwandani wanajua sauti ile inavyokwenda mbali. Nilimwangalia Mama Kulwa. Hakugeuza uso wala kupunguza hatua. Aliuweka vizuri mkono wa Mzee Ngassa begani kwake, tukaenda mpaka getini, tukaingia wanne, wa mwisho kabisa. Wafanyakazi walitupigia makofi mengi kuliko walioshinda, na mimi sikuweza kumtazama mtu.

Kesho yake nilikwenda kwa Meneja, nikamweleza habari ya keria, nikamwomba kosa liwe langu na lisiwe la yule mama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema amesikitika, lakini akilegeza kwa mmoja atalegeza kwa wote, na neno alilosema mbele ya watu ni lilelile. Mzee Ngassa naye alikwenda, Salum naye alikwenda. Jibu lilikuwa hilohilo. Mama Kulwa hakwenda. Alirudi kwenye magunia ya mbegu, na kila asubuhi alipopita mizani nilimsikia akisema, "Shikamoo, Baba," na Mzee Ngassa akiitika, "Marahaba, mwanangu." Kazi ya kudumu hakuipata kamwe, alikuwa kibarua wa msimu mpaka kiwanda kinafungwa.

Mbio mwaka uliofuata zilikuwepo na watu waliongezeka. Hilo lilinishangaza. Nilidhani baada ya kutuona sisi watu wangeogopa. Badala yake wazee wa ofisini waliokuwa wakisema hawawezi ndio waliokuja kujiandikisha. Mmoja aliniambia alikuwa akiogopa kuaibika kwa kuachwa nyuma, na sasa ameona mtu anaweza asiachwe. Nimetengeneza baiskeli za timu nyingi tangu wakati ule, na sijawahi tena kufungua keria ya mtu.

Sasa nirudi mwisho wa msimu ule. Mashine ziliposimama, vibarua wakapumzishwa, na siku ya tatu shemeji wa Mama Kulwa akaja na ndugu yake mwingine. Walikuja kwa adabu. Walisalimia kila mtu, wakasema wametumwa na baba yao, na mama hakubishana maana sharti lilikuwa sharti. Aliwaogesha watoto, akawavalisha nguo zao nzuri. Doto alimuuliza mama yake kama na yeye anakuja, akamwambia atakuja. Niliwaona wakipita mbele ya karakana, watoto mmoja mmoja kwenye baiskeli za wale baba zao wadogo, wakinipungia mkono. Nilipunga. Halafu nikaingia ndani nikakaa kwenye lile boksi la gololi, na kazi haikufanyika siku hiyo.

Asubuhi yake Mzee Ngassa akaja karakana akitembelea fimbo. Hakukaa. Aliniambia nizirudishe keria kwenye zile baiskeli mbili, nikaze vizuri, tunakwenda Nyarugusu. Nilimuuliza kina nani. Alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto.

Kwa desturi, mwanamke anayekwenda kuomba arudishiwe watoto anakwenda na ndugu zake wa kiume. Kaka zake Mama Kulwa walikuwa wamekwisha kukataa, maana ng'ombe wa mahari walishawala na waliogopa wasije wakadaiwa. Kwa hiyo tulikwenda sisi, wanne kwa baiskeli mbili. Salum na mimi tulibadilishana kumpakia Mzee Ngassa. Mama Kulwa alipanda kidogo, akatembea sana. Tulilala njiani kwa jamaa wa Salum, na kesho yake kabla ya adhuhuri tukauona mji wa baba mkwe, kaya kubwa yenye zizi na uzio wa minyaa. Mzee Ngassa akaomba ashushwe bondeni. Alisema hawezi kwenda kuomba watoto wa watu akiwa amepakiwa kama gunia la pamba. Alipanda ule mlima mdogo kwa fimbo, na sisi tukaenda kwa mwendo wake.

Baba mkwe alikuwa mzee sana, mtulivu, macho yameanza kuingia ukungu. Tulimwamkia, tukapewa viti na maji. Mama Kulwa alipiga magoti pembeni. Watoto tuliwasikia nyuma ya nyumba, lakini hawakuletwa. Yule mzee alitutazama mmoja mmoja. Aliuliza habari za safari, za mvua, za pamba. Mwishowe akauliza, kwa Kisukuma, nami nawaandikia kwa Kiswahili, "Kaka zake siwaoni. Nyie ni nani wake?"

Salum si kabila lao wala dini yao. Mimi ni Msumbwa. Mzee Ngassa ni Msukuma lakini si wa ukoo ule. Kwa sheria yao hatukuwa na neno la kusema pale, na yule mzee angeweza kutushukuru kwa kumsindikiza mkwewe na kutuaga.

Mzee Ngassa akasema, "Mimi si ndugu yake. Aliambiwa akiniacha njiani atabaki na watoto wake. Hakuniacha."

Kisha akamsimulia habari ya siku ile, bila kuongeza wala kupunguza, pamoja na goti, king'ora na kitenge kilichochanwa. Kosa la keria aliliruka. Ilibidi niliseme mwenyewe. Mzee yule alisikiliza ameinamisha kichwa mpaka nikadhani amesinzia.

"Hilo goti," akauliza, "limepona?"

"Bado," Mzee Ngassa akasema.

"Na umekuja kutoka kule ziwani."

"Nimekuja."

Mzee aliitazama ile fimbo, akamtazama Mama Kulwa aliyekuwa bado amepiga magoti. Halafu akageuza uso kuelekea ndani ya nyumba, akamwita mkewe, akamwambia afungashe nguo za watoto.